MCHEZA KWAO HUTUZWA: Maisha na Kazi ya Wanawake Waimbaji na Waigizaji

(Hotuba iliyotolewa na mwakilishi wa akina mama katika sherehe ya kumbukumbu ya Kamati ya Wakazi, Bwera)



Kwanza napenda kuishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii katika siku yetu ya kumbukumbu. Walioandaa ratiba waliniomba niseme machache juu ya kikundi chetu cha nyimbo na maigizo. Nimeona afadhali niwaeleze habari za wanawake walioifanya kazi hiyo kabla ya mabinti wetu, kwa sababu mambo tunayobishania hapa chini ya turubai si mapya. Wengine waliyapitia zamani, na katika maisha yao yamo mengi ya kutufaa.

Mabinti mmewasikia leo asubuhi. Mlipiga makofi, na wengine mliinuka kwenda kuwatuza. Lakini wasichana katika kikundi wanazidi kupungua. Wengine wamekatazwa na wazazi, wengine na wachumba wao. Maneno yanayosemwa tunayajua: eti msichana anayesimama mbele ya watu na kuimba ni msichana aliyekwisha potea. Na kuna neno la pili, ambalo mabinti wenyewe wanalisema kwa sauti ndogo. Wanasema: kila mgeni akija tunaitwa, tunaimba juu ya kunawa mikono, juu ya kipindupindu, juu ya kupeleka watoto shule, halafu tunarudi nyumbani na soda moja.

Basi maneno ni mawili, moja la heshima na moja la malipo. Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Sisi hapa hatuko kwetu. Je, anayecheza ugenini atatuzwa na nani?

Naanza na Unguja, kwa sababu huko ndiko alikozaliwa mwanamke ambaye sisi wote tunaosema Kiswahili tunamtaja kwa fahari. Siti binti Saad alizaliwa katika kijiji cha Fumba karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa watu waliokuwa watumwa. Kazi ya kwao ilikuwa kufinyanga vyungu. Yeye alivibeba na kuvitembeza akivinadi kwa sauti, na watu walimjua kwa sauti hiyo kabla hawajamjua kwa uimbaji. Hakusoma shule. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akapata watu wa kumfundisha kuimba na kwenda na vyombo.

Msidhani alipokelewa kwa maua. Alipoanza kupata sifa, wenye kijicho walimtungia mashairi ya matusi. Walimdharau kwa asili yake, kwa sura yake, na kwa vyungu alivyokuwa akiuza. Hakuenda kugombana nao barabarani. Alijibu kwa wimbo, na wimbo wake ukaishi kuliko matusi yao. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, India, kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Kabla yake hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliingia katika santuri. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert, mwandishi wetu mkubwa, aliona maisha yake yanastahili kitabu kizima, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Wale waliomtukana leo hatuwajui hata majina.

Kwa hiyo mzazi anayesema kwamba uimbaji unaondoa heshima, namwomba amfikirie Siti. Alizaliwa bila heshima yoyote machoni pa watu wa mjini. Heshima aliyokufa nayo ilitoka katika kazi ya kuimba.

Sasa niwalete nyumbani Kongo, kwa sababu wengi wetu tuliomo humu tumevuka pale Mpondwe tukitoka huko. Wazee wanamkumbuka Abeti Masikini. Alizaliwa mwaka 1954 mjini Kisangani, wakati huo ukiitwa Stanleyville. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mwanasiasa wa upande wa Lumumba, na aliuawa mwaka 1961. Abeti alibaki yatima wa baba akiwa hajatimiza hata miaka minane. Hapa kambini tunao watoto wengi wa namna hiyo, nami sihitaji kueleza maana yake. Mtoto huyo alikua, akaimba, na mwaka 1973 akasimama katika ukumbi wa Olympia mjini Paris. Mwaka uliofuata aliimba Carnegie Hall, New York. Alifariki Ufaransa mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa tu.

Yuko pia M'Pongo Love, aliyezaliwa Boma mwaka 1956. Alipokuwa mtoto aliugua polio, ugonjwa uleule ambao wauguzi wetu wanapita hema kwa hema kuwapa watoto matone ya kuukinga. Ulimdhuru miguu. Hata hivyo alikuja kuimba mbele ya umati na kuongoza bendi yake mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka 1990. Nasema hayo ili wazazi wenye watoto wenye ulemavu wasikie. Kikundi chetu kina nafasi kwa mtoto mwenye gongo kama kwa mtoto mwenye miguu mizima.

Lakini jambo ninalotaka mlishike katika habari za wanawake hawa wa Kongo ni hili: walifungulia wanawake wengine mlango. Mbilia Bel, ambaye nyimbo zake zilipigwa katika kila basi kutoka Kinshasa hadi Mombasa, alianza akiwa msichana mdogo katika kikundi cha Abeti. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliingia Afrisa ya Tabu Ley na jina lake likatoka, halafu mwishoni mwa miaka hiyo akaondoka na kuendelea peke yake. Tshala Muana, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1958, alianza mwaka 1977 kama mcheza dansi katika bendi ya M'Pongo Love. Kutoka hapo alikuja kuwa mwimbaji aliyeutangaza mutuashi, mchezo wa watu wa Kasai, katika nchi nyingi, na alipofariki Desemba 2022 taifa zima lilimlilia. Angalieni mfuatano huo. Mkubwa alikubali kumchukua mdogo, akamweka nyuma yake jukwaani ajifunze, na mdogo akawa mkubwa. Akina mama wenzangu mnaojua nyimbo za zamani za kwetu, za kutwanga na za kubembeleza mtoto, msikae nazo hemani. Wasichana hawa wanahitaji mtu wa kusimama mbele yao.

Baada ya hao nataka kumtaja mtu wa mbali kidogo, kwa sababu maisha yake yanafanana na yetu kuliko ya wote. Ni Miriam Makeba wa Afrika Kusini, yule aliyeimba Malaika kwa Kiswahili chetu ingawa hakuzaliwa nacho. Wakati bado yuko kwao, aliimba na wasichana wenzake katika kundi la Skylarks. Sahani zao zilinunuliwa sana, lakini yeye hakupata fungu lolote la mauzo. Kisha alionekana katika filamu iitwayo Come Back, Africa, iliyopigwa kwa siri mjini Johannesburg na kutolewa mwaka 1959. Ilionyesha jinsi Mwafrika alivyoishi chini ya serikali ya ubaguzi. Nafasi yake katika filamu ilikuwa fupi tu, kuimba. Lakini ilitosha: alialikwa kwenda Venice, Italia, ilikoonyeshwa, na safari hiyo ikafungua nyingine.

Mwaka 1960 alipata habari kwamba mama yake amefariki. Alipotaka kurudi kumzika, aliambiwa pasipoti yake imefutwa. Hapa sina haja ya kueleza. Wako miongoni mwetu walioshindwa kuwazika mama zao, na makaburi yako kilomita chache tu ng'ambo ya mto. Makeba alikaa nje ya nchi yake miaka 31. Mwaka 1963 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza mateso ya watu wake, na serikali ya kwao ikapiga marufuku nyimbo zake. Nchi nyingine zilimpa hati na makazi, Guinea mojawapo. Alirudi nyumbani mwaka 1990. Miaka miwili baadaye akaonekana tena katika filamu, Sarafina!, akiigiza kama mama wa msichana mwanafunzi. Wengi wetu tumeiona filamu hiyo katika vibanda vya video. Yule mama anayefanya kazi katika nyumba ya watu ili watoto wake wale, ndiye Makeba. Alifariki mwaka 2008 huko Italia, muda mfupi tu baada ya kushuka jukwaani.

Ndugu zangu, mtu huyo alikuwa mkimbizi. Hakuacha kazi yake kwa sababu ya ukimbizi, na wala hakusubiri arudi ndipo aanze kuimba.

Na kwa kuwa nimetaja filamu, niseme juu ya waigizaji wa siku zetu. Mwaka 2016 ilitoka filamu Queen of Katwe, iliyoongozwa na mama mmoja, Mira Nair, mwenye makazi Kampala. Naona watu wa hapa wanatabasamu wakisikia jina hilo. Si Katwe yetu ya chumvi hapa Kasese, ni mtaa wa Katwe wa Kampala. Inaeleza habari za kweli za Phiona Mutesi, msichana maskini aliyekuja kuwa bingwa wa mchezo wa sataranji. Aliyemwigiza ni Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye naye aliwahi kuuza mahindi barabarani. Walipokuwa wakitafuta mtu wa kuigiza, walimkuta katika mafunzo ya ngoma ya mtaani. Sikilizeni vizuri: walimkuta mazoezini. Kama mzazi wake angemfungia ndani siku hiyo, wangempata mwingine.

Katika filamu hiyohiyo, mama wa msichana aliigizwa na Lupita Nyong'o. Lupita ni Mkenya, lakini alizaliwa Mexico mwaka 1983, kwa sababu wazazi wake walikuwa wameondoka Kenya kutokana na matatizo ya kisiasa ya wakati huo. Mtoto aliyezaliwa ugenini alikuja kupata tuzo ya Oscar mwaka 2014, kwa kazi yake katika filamu juu ya utumwa wa Marekani. Nyuma ya tuzo hiyo kuna mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, alisoma: alikwenda chuo, kisha akasomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale. La pili, kabla ya kujulikana duniani alicheza Nairobi katika Shuga, mchezo wa televisheni ulioanza mwaka 2009, uliotungwa ili kuwazindua vijana juu ya UKIMWI. Maana yake alifanya kazi ya uhamasishaji, kama hii ya mabinti wetu wanaoigiza juu ya kipindupindu. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuidharau.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila msichana anayeimba hapa atafika Paris au atapata Oscar. Wachache sana hufika huko, na wengi wao walilipia kwa machozi. Ninachosema ni kwamba kuimba na kuigiza ni kazi, kama kushona, kama kufundisha, kama kuuza sokoni Lhubiriha. Na kazi ina mambo yake: mafunzo, mkataba, malipo, na usalama wa mfanyakazi.

Juu ya malipo, tumeona Skylarks. Watu walinunua sahani, fedha zikaenda kwingine. Hata huo wimbo wa Malaika, ambao dunia nzima inauimba, mpaka leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Wimbo usioandikwa jina la mwenyewe ni kama mbuzi asiye na alama sokoni, kila mmoja atasema ni wake.

Wengine watasema: sisi ni wakimbizi, haki ya namna hiyo si yetu. Si kweli. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ule ule tunaousikia kila siku mikutanoni, unasema katika kifungu cha 14 kwamba mkimbizi alindwe katika kazi zake za sanaa na maandishi sawasawa na raia wa nchi anayoishi. Na Uganda ilitunga mwaka 2006 Sheria ya Hakimiliki inayomtambua mtunzi, na pia yule anayeimba au kuigiza. Mwaka huohuo ilitunga Sheria ya Wakimbizi, inayomruhusu mkimbizi kufanya kazi ya kujipatia riziki. Kwa hiyo binti wa hema la mwisho kule chini ana haki juu ya wimbo alioutunga kama alivyo nayo msanii wa Kampala.

Juu ya usalama, naomba wazazi wanisikilize kwa makini zaidi. Tuko mpakani. Magari yanapita usiku na mchana. Hutokea mtu mwenye maneno matamu, amevaa vizuri, anamwambia msichana: una sauti nzuri, una sura ya filamu, njoo Kampala, au njoo Uarabuni, nitakutafutia kazi ya muziki. Hana karatasi, hana anwani, anataka safari iwe ya siri. Huyo si mtu wa muziki. Madina alitafutwa na watu waliofika hadharani, mbele ya walimu wake. Anayemtaka mtoto gizani anamtaka kwa shughuli ya gizani. Na msichana aliyekatazwa kuimba nyumbani ndiye mwepesi wa kudanganyika, kwa kuwa yule mgeni ndiye wa kwanza kumwambia kwamba sauti yake ina thamani.

Kwa sababu hizo zote, akina mama tumekaa na kupatana juu ya maombi matano, nami nayaleta mbele yenu.

Kwanza, kwa wazazi: waruhusuni mabinti. Sisi tunaahidi kwamba mazoezi yatakuwa mchana, mahali pa wazi, na mama mmoja mtu mzima atakuwepo tangu mwanzo hadi mwisho.

Pili, shule itangulie. Msichana mwenye masomo hataitwa kuimba saa za darasa, hata kama mgeni anayekuja ni mkubwa namna gani.

Tatu, liwepo daftari. Kila wimbo na kila igizo liandikwe pamoja na jina la aliyetunga na tarehe. Katika daftari hilohilo iandikwe kila fedha iliyoingia, nani aliipokea, na kila mmoja alipata kiasi gani. Daftari lisomwe mbele ya kikundi kila mwezi.

Nne, kwa wageni wetu wa mashirika, nasema kwa heshima na shukrani. Mnapopanga mkutano mnaweka katika bajeti mafuta ya gari, viti na kipaza sauti. Wekeni na waimbaji. Si lazima kiwe kikubwa, ila kijulikane mapema. Na mnapowapiga picha au video, waombeni ruhusa kwanza, waelezeni itakwenda wapi, na mtuletee nakala ili nasi tuione.

Tano, msichana yeyote asiondoke kambini kwa ahadi ya muziki au filamu bila karatasi ya anayemwita kuonwa na wazazi wake, na Kamati, na ofisi inayoshughulika na ulinzi wa watoto na wanawake.

Niliuliza, anayecheza ugenini atatuzwa na nani? Siti alitoka Fumba akatuzwa mjini na watu wasio wa ukoo wake. Makeba alitunzwa na nchi zisizo zake. Abeti alimlea Mbilia Bel ambaye hakumzaa. Nao wenyeji wetu hapa Bwera, Wakonzo, ambao lugha yao na ya Wanande waliovuka ni moja, wamekuja leo kuwasikiliza mabinti hawa na kuwatunza kama wao. Basi sisi tuliowazaa tusiwe wa mwisho.

Daftari tayari limenunuliwa, liko mezani kwa katibu. Wazazi wanaotaka kuandikisha mabinti zao waje baada ya chakula.